Chupa Namba Saba

Kila Jumanne baada ya kipindi cha mwisho, wenzake walipokimbilia uwanjani, Kidoti alibaki kwenye bomba la nyuma ya maktaba akiosha chupa. Zilikuwa chupa kumi na mbili ndogo za kioo, zile za dawa ya kikohozi, na kila moja ilitaka kuoshwa mara tatu: mara moja kwa sabuni, mara mbili kwa maji matupu. Mwalimu Miwani, mlezi wa klabu ya sayansi, alipenda kusema kwamba chupa chafu ni shahidi wa uongo. Basi Kidoti alisugua, akasuuza, akazipanga juu ya kitambaa zikauke, na muda wote huo mdomo ameuvuta utadhani ameonja shubiri.

Jina la Kidoti alilipata kwa sababu ya alama nyeusi iliyo shavuni mwake. Kuosha chupa hakukuzoea hata kidogo. Muhula uliopita yeye ndiye alikuwa mkuu wa sanduku. Sanduku lenyewe lilikuwa la viatu, na ni yeye aliyelitoa nyumbani, akalipaka rangi nyeusi ndani, akatoboa matundu mawili kwa mkasi mpaka kidole kikaota sugu. Upande mmoja ilikaa tochi, na mbele yake karatasi ya kijani inayopenyesha mwanga, ile ya kufungia zawadi. Katikati paliachwa nafasi ya chupa. Upande wa pili ilikaa simu ya Mwalimu Miwani, yenye programu ya kupima mwanga.

Kazi ya sanduku ilikuwa kuvumbua rangi za kiwandani zilizofichwa kwenye vinywaji. Mwanga unaovuka maji safi waliuhesabu kuwa mia. Ukiweka kinywaji chekundu, namba huporomoka, kwa sababu rangi nyekundu humeza mwanga wa kijani na kuacha kidogo tu upite. Rangi ikikolea, namba hushuka zaidi. Mwalimu Miwani aliwaeleza kwamba rangi nyingine zinaruhusiwa kwa kipimo, mradi ziandikwe kwenye chupa, ili mnywaji ajue anachokunywa na mwenye mzio ajihadhari. Kosa kubwa ni kumtilia mtu rangi kisha ukamwambia ni tunda tupu.

Hayo yote Kidoti aliyajua kama anavyojua jina lake. Kisha mwanzoni mwa muhula akaja Mgeni.

Msichana huyo alikuwa na jina lake zuri kwenye daftari la mahudhurio, lakini siku ya kwanza mtu alimwita Mgeni, na jina likaganda. Alihamia na mama yake, ambaye aliweka meza nje ya lango la shule akauza juisi ya tikiti maji. Mama huyo naye hakupoteza muda kupata jina. Shule nzima ilimwita Mama Juisi. Juu ya ndoo yake palibandikwa kibao alichokiandika kwa mkono: Tunda tupu, hakuna rangi.

Mgeni alikuwa mkimya. Jumanne ya pili tu tangu ajiunge na klabu, aliinua mkono akauliza kwa nini hawachuji vinywaji kabla ya kuvipima. Alisema vipande vya tunda navyo huziba mwanga, kwa hiyo sanduku litamsingizia hata muuzaji asiye na kosa. Mwalimu Miwani akavua miwani, jambo alilolifanya alipofurahi sana. Wakajaribu papo hapo. Juisi ya tikiti ilipochujwa kwa karatasi, wekundu wote ulibaki juu ya karatasi kama uji mzito, na yaliyodondoka chini yalikuwa karibu maji. Kinywaji chekundu cha dukani kilipita na wekundu wake wote. Rangi ya tikiti imekaa ndani ya nyama ya tunda na haiyeyuki majini, ila rangi ya kiwandani inayeyuka. Yaani mwanachama wa wiki mbili alikuwa amewapa njia ambayo klabu nzima haikuiwaza kwa mwaka mzima.

Siku hiyohiyo daftari la vipimo likahamia kwa Mgeni. Kidoti akapewa kuosha chupa na kuzibandika namba. Mwalimu Miwani alisema ni kazi ya kuaminika, kwa kuwa mpimaji hatakiwi kujua chupa ipi ni ya nani asije akapendelea. Kuaminika gani? Kidoti alisikia neno moja tu, nalo ni kwamba ameshushwa. Tena siku ya wazazi ilikuwa inakaribia, na mwenye daftari ndiye angesimama mbele ya ukumbi kusoma matokeo. Wivu ukamshika Kidoti. Mgeni akicheka, anajidai. Mgeni akinyamaza, anaringa. Mgeni akimwazima penseli, anajipendekeza. Mtu ukishamwonea mwenzio kijicho, hata akipiga chafya utasema amekusudia.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mama yake alikuwa fundi wa keki, na Jumatatu jioni alikuwa mezani akipamba keki ya harusi. Vichupa vyake vya rangi vilisimama kwenye mstari: nyekundu, njano, bluu, kijani. Huku akikamua ua la sukari, alianza kumsifu Mgeni. Alisema amempitia Mama Juisi, shoga yake mpya, akamkuta mtoto ameketi juu ya kreti anafanya hesabu huku mkono mmoja ukifukuza nzi kwenye ndoo. Alisema mtoto yule ana akili ya kitabu na akili ya mkono. Kisha akatamka maneno ambayo mama wengi huyasema bila kujua yanapoangukia:

“Ungemwiga kidogo tu, mwanangu, ningeshukuru.”

Kidoti aliinama. Machozi yalimlenga, akajitia kufunga kamba ya kiatu. Mama alipoingia jikoni kutazama oveni, mkono wa mtoto ulikwenda wenyewe kwenye kichupa chekundu ukakitumbukiza ndani ya soksi.

Jumanne wakati wa mapumziko, wanachama wa klabu walizunguka kukusanya vinywaji kutoka madukani, kwa wachuuzi na langoni. Kila kinywaji kilimiminwa kwenye chupa yake. Kidoti alibandika namba, na Mwalimu Miwani akaandika orodha ya namba na wauzaji akaifunga kwenye droo. Juisi ya Mama Juisi ilikuwa chupa namba saba. Vinywaji viliachwa kwenye chumba cha sayansi mpaka baada ya masomo, na ufunguo wa chumba ulikuwa kwa mbandika namba, mtu wa kuaminika.

Alirudi peke yake kabla ya kipindi cha mwisho. Alipokitoa kichupa kwenye soksi alikuta kifuniko kimelegea na rangi imevuja. Vidole vya mguu vilikuwa vyekundu kabisa. Hakujali. Aliangusha matone sita ndani ya namba saba, akatikisa, akairudisha mahali pake. Kichupa akakikaza kifuniko, apate kukirudisha jioni kwenye mstari wa mama yake. Alijiambia si jambo kubwa, ni matone sita tu, na Mgeni ataumbuka kidogo ajue kwamba naye ni mtu kama watu.

Vipimo vikaanza. Mgeni alichujia kwenye chupa safi ya kupimia, akaiweka kwenye sanduku, akasoma namba, akaandika. Chupa ya kwanza, tisini na tatu. Ya pili, kumi na moja. Hiyo ilikuwa soda nyekundu ambayo imetaja rangi yake kwenye karatasi ya nje. Alikwenda hivyohivyo bila haraka. Alipofika namba saba, matone yaliyopita kwenye karatasi ya kuchujia yalikuwa mekundu. Akatazama simu.

“Kumi na tisa,” alisema, akaandika. Alisema kwa sauti ileile aliyosomea nyingine zote.

Walipomaliza zote kumi na mbili, Mwalimu Miwani alifungua droo akaanza kusoma orodha. Alipofika saba alimtaja Mama Juisi. Darasa zima likamgeukia Mgeni. Uso ulimshuka. Mwalimu akamuuliza kama angependa kurudia. Akarudia mara tatu, kila mara akiosha chupa ya kupimia upya na kubadilisha karatasi ya kuchujia. Kumi na tisa. Ishirini. Kumi na tisa. Kalamu ilikuwa mkononi mwake na kifutio kilikuwa mezani, lakini namba hakuigusa. Alilifunga daftari akampa mwalimu kwa mikono miwili.

“Haifai niendelee kuandika mimi, mwalimu. Jambo linamhusu mama yangu.”

Ndipo Mwalimu Miwani akampa Kidoti daftari. Alichokitamani siku zote hizo kikawa mikononi mwake. Alipata furaha, sitamsingizia, lakini ilikaa muda wa kutoka chumba cha sayansi mpaka langoni. Pale langoni alimwona Mama Juisi akimkaribisha binti yake kwa bilauri ya juisi kama kawaida, na Mgeni akaitazama bilauri asiipokee.

Habari mbaya haina miguu lakini hukimbia. Jumatano asubuhi shule nzima ilishajua kwamba Mama Juisi anawanywesha watoto rangi. Wazazi wawili walikuja juu. Mwalimu mkuu, ambaye hakupenda kelele, alimwita mama wa watu akamwambia aondoe meza langoni mpaka jambo lijulikane. Mama Juisi aliapa kwamba ndoo yake haijawahi kuonja rangi. Nani angemsikiliza, na namba imeandikwa na binti yake mwenyewe? Akabandua kibao chake, akafunga ndoo na kreti kwa kamba, akaondoka. Meza ile ndiyo ilikuwa chakula chao na kodi yao.

Mwalimu Miwani hakuridhika. Alimwambia mwalimu mkuu, mbele ya klabu, kwamba sanduku la viatu linaweza kusema rangi ipo au haipo, ila haliwezi kusema ni rangi gani wala imetoka wapi, na mtu hanyang'anywi riziki kwa ushahidi nusu. Akaomba chupa namba saba ipelekwe kwenye maabara ya mji ya kupima vyakula. Wakapewa nafasi Ijumaa.

Sasa sikiliza mambo yanavyojipanga. Mama yake Kidoti aliposikia masaibu ya shoga yake, hakungoja kuombwa. Alisema yeye ana rangi zote za keki nyumbani, atazibeba azipeleke Ijumaa hiyohiyo, wapimaji wapate za kulinganisha na shoga yake atoke katika lawama upesi. Kidoti alimkumbusha keki ya harusi. Mama akasema keki imekwisha. Kidoti akasema mvua itanyesha. Mama akasema ana mwavuli. Mtoto akaishiwa sababu, akabaki anatafuna kucha.

Maabara ilikuwa na chumba kimoja kirefu chenye harufu ya spiriti na madirisha yaliyofungwa. Waliingia watano: Mwalimu Miwani, Kidoti na daftari lake, Mgeni, Mama Juisi, na mama yake Kidoti na kikapu cha rangi. Mpimaji alikuwa mwanamke mwenye koti jeupe na kalamu nyuma ya sikio. Aliwasalimia vizuri, akawaonyesha mashine yake, kubwa kama oveni ndogo ya mkate. Alisema ni ndugu yake sanduku la viatu, ila sanduku linatumia mwanga wa aina moja, na mashine hii inapitisha mwanga wa kila rangi mmoja baada ya mwingine, kuanzia zambarau mpaka nyekundu, ikiandika ni upi umemezwa na kwa kiasi gani. Mwishoni huchora mstari unaopanda na kushuka kama mlima. Kila rangi ya kiwandani ina mlima wake. Tatu zinaweza kuonekana nyekundu sawa kwa macho, lakini milima yao haifanani.

Alichuja namba saba, akamimina kidogo kwenye kikombe cha pembe nne kisichozidi kidole, akafunga mlango wa mashine. Karatasi ikatoka. Kisha akachovya kijiti kwenye kichupa chekundu cha keki, akakikorogea kwenye maji, akapima. Karatasi ya pili ikatoka. Akaziweka moja juu ya nyingine, akazibandika kwenye kioo cha dirisha ili mwanga wa nje upenye. Mistari miwili ikawa mmoja.

“Zimelingana,” alisema mpimaji. “Ni rangi ileile.”

Akatia chumvi kwenye kidonda bila kujua. Alisema rangi ya aina hii haiuzwi rejareja katika mji wao, na wanaoiagiza ni mafundi wa keki peke yao. Mama yake Kidoti akakiinua kichupa, akakitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekifungua kwa keki moja tu. Kilikuwa kimepungua kiasi cha kidole kizima.

Mama Juisi aligeuka taratibu. Jumanne asubuhi, alisema, alikwenda kufuata barafu, na aliyebaki kumwangalizia ndoo ni mtu mmoja tu. Hakumaliza. Alimtazama shoga yake, na shoga yake akaelewa.

“Mimi?” aliuliza mama yake Kidoti. “Mimi nikutilie rangi kwenye ndoo yako? Nipate nini?”

“Sijui, dada. Hilo ndilo ninalojiuliza sasa hivi.”

Mama yake Kidoti alifungua mdomo, maneno yakakataa kutoka. Alikuwa mtu wa maneno mengi, mcheshi, hodari wa kujibizana na mteja yeyote anayelalamikia keki. Sasa alishika kile kichupa kwa mikono yote miwili, akaangalia kwa mwalimu, akaangalia kwa mpimaji, akitafuta atakayemwamini. Kidoti hakuwahi kumwona mama yake hivyo. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi ya maabara ilikuwa ya saruji ngumu na haikuwa na mpango huo.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemtazama wala kumshuku. Daftari lilikuwa kifuani mwake, na siku ya wazazi ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Akapiga moyo konde.

“Si mama,” alisema. “Ndoo haikutiwa kitu. Ni chupa tu. Niliitia mimi.”

Alisimulia yote, soksi, ufunguo na matone sita. Mwalimu Miwani alivua miwani, na safari hii haikuwa furaha. Akamuuliza swali moja tu, kwa nini. Kidoti alitafuta jibu la heshima akalikosa.

“Nilimwonea wivu Mgeni. Kila mtu anamsifu. Hata mama.”

Hapo alingoja kofi, au kelele, au chochote. Mama yake alikaa chini kwenye kiti akafunika uso. Mama Juisi alisema “Alhamdulillahi” kwa sauti ndogo, kisha akamshika shoga yake bega akamwomba radhi kwa kumdhania. Ni Mgeni aliyemkaribia Kidoti. Hakuwa na hasira usoni, na afadhali angekuwa nayo.

“Namba niliisoma mimi,” alisema. “Mara nne. Nikajua sanduku halidanganyi, basi anayedanganya ni mama. Nilimwita mwongo, Kidoti. Siku tatu sijala chakula chake. Aliniapia nikampa kisogo.”

Kidoti alikuwa amefikiria meza na aibu kidogo darasani. Hili hakulifikiria kabisa. Alilia mpaka kwikwi zikamkamata, na hakuna aliyemnyamazisha. Mgeni naye alimfuata mama yake, akapiga magoti pale pale kwenye saruji, na mama yake akamwinua kabla hajafika chini.

Mpimaji alitaka kuhakikisha, maana kazi yake haiendi kwa machozi. Mama Juisi alikuwa amebeba juisi mpya kwenye chupa ya chai. Ilichujwa, ikapimwa, na safari hii mstari ulilala karibu sawa na ule wa maji. Hakuna mlima. Akaandika barua yenye muhuri, na Jumatatu meza ilirudi langoni.

Mwalimu mkuu alimwondoa Kidoti kwenye klabu kwa muhula mzima na kumnyang'anya ufunguo. Alimtuma pia amwombe radhi Mama Juisi, lakini hilo alikuwa ameshalifanya siku ileile ya maabara, yeye na mama yake. Barua ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Tatizo ni kwamba wengi hupita ubao wa matangazo kama wanavyopita ukuta. Jumatano bado wanafunzi walinunua juisi kidogo, na wengine walimwambia Mama Juisi awaonyeshe kwanza ulimi wake. Kidoti alisimama mbali akahesabu waliogeuza njia. Uongo ulikuwa umezunguka shule nzima kwa asubuhi moja, na ukweli ulikuwa bado unavaa viatu.

Alhamisi alimfuata Mgeni, ambaye alirudishiwa daftari na ndiye angesoma siku ya wazazi. Alimwomba jambo moja: amwachie asome mstari wa saba yeye mwenyewe. Mgeni alilifunga daftari.

“Nitafikiri,” alisema, akaondoka.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mgeni alipanda jukwaani na sanduku jeusi, akaeleza mwanga unavyomezwa na rangi, kwa maneno mafupi yaliyoeleweka hata na babu mmoja wa mstari wa mbele aliyekuja kulala. Akasoma chupa ya kwanza mpaka ya sita. Kisha akashuka ngazi, akapita katikati ya viti, akamkabidhi Kidoti daftari likiwa wazi.

Kidoti alisimama. Alikuwa ameitamani sana siku hii, asimame mbele ya wazazi na daftari lile mkononi, na sasa alipewa mstari mmoja tu.

“Chupa namba saba,” alisoma. “Kumi na tisa. Rangi iliyopatikana humo niliitia mimi kwa siri, kwa wivu. Juisi ya Mama Juisi haina rangi. Barua ya maabara iko ubaoni. Naomba radhi kwake, kwa binti yake na kwenu.”

Hakuna aliyepiga makofi, na haikufaa wapige. Alirudisha daftari, Mgeni akarudi jukwaani akaendelea na namba nane. Mwishoni ukumbi ulimshangilia Mgeni mpaka madirisha yakatikisika. Watu walipotoka, mstari wa wanunuzi kwa Mama Juisi ulifika mpaka kwenye bomba, na yule babu alikuwa wa kwanza.

Njiani kurudi nyumbani mama yake Kidoti alitembea haraka mpaka walipovuka barabara. Kisha akapunguza mwendo.

“Niliposema umwige mwenzio, nilikosea nilivyosema, na ninakuomba radhi. Lakini wewe nisikilize. Sifa za Mgeni hazikuchotwa kwako. Hata angenyamaziwa mwaka mzima, wewe usingeongezeka chochote. Ulitaka kumshusha mtu mmoja, ukamwangusha mama yake, karibu uniangushe na mimi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na wewe ulituburuta sote.”

“Ndiyo, mama.”

“Na asiyekubali kushindwa si mshindani. Mwenzio akikupita, muulize amepitaje ujifunze. Hakuna dhambi kuhisi wivu. Hata mimi huusikia nikiona keki ya fundi mwingine imesimama ghorofa tano. Dhambi ni kuupa mkono ufanye kazi. Ukikujia tena, utaje kwa jina lake, uje uniambie.”

Kidoti alitembea hatua kadhaa akiangalia vidole vyake vya mguu kwenye ndara. Wekundu ulikuwa bado haujatoka kwenye kucha.

“Mama,” alisema, “walipomshangilia Mgeni, niliuona wivu tena. Mkubwa.”

Mama yake akamshika mkono.

“Vizuri. Nimesikia. Jumatatu utapita langoni, umbebee Mama Juisi ndoo, halafu umuulize Mgeni alijuaje habari ya kuchuja.”